Gari Lililoamkiwa

Mie ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema mapema ili asije mtu akadhani nimebadilika. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa nilianza kwa kumkaripia mkunga. Kwa hiyo niliposema nakwenda kununua gari, hakuna ndugu aliyeogopa kwamba nitatapeliwa. Walimwonea huruma atakayejaribu. Nami niliamini hivyo. Nimekaa ukarani wa shule miaka ishirini na mbili, nimesikia kila uongo ambao mzazi anaweza kumwambia mwalimu mkuu, nikajiona siingizwi mjini na mtu.

Gari lenyewe lilikuwa kwa ajili ya mama. Mama alipigwa na kiharusi akiwa ameketi uani kwake Temeke anachambua mchele. Upande wa kushoto ukalala wote, mkono na mguu, na mdomo ukaenda pembeni. Nikamhamishia kwangu, nyumba ya vyumba vitatu upande wa pili wa soko la Tandale. Pale hospitali, yule dada wa mazoezi ya viungo, mdogo wa umri na asiyecheka na mtu, akaniambia wazi kwamba miezi sita ya mwanzo ndiyo yenyewe. Mama akija mara tatu kwa wiki bila kukosa, atatembea. Akikosakosa, mguu utasahau kazi yake, na ukishasahau ndiyo basi.

Tulianza kwa bajaji. Mkono wa kushoto haushiki kitu, kwa hiyo kila dereva akikata kona mama anateleza kwenye kiti, nami namkumbatia kiuno kama mzigo unaotaka kudondoka. Safari ya tano alilia njia nzima bila kutoa sauti. Tulipofika nyumbani akasema, kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito, kwamba hatoki tena. Wiki ile tukakosa siku zote tatu, na ndiyo wiki niliyoamua kununua gari.

Kuna jambo moja la mama lazima lijulikane. Mama ni mtu wa kuamkiwa. Alipokuwa mzima, akikaa barazani kwake, mtaa mzima ulipita hapo na shikamoo zake, naye anaitikia moja moja, hakuna aliyerushwa. Siku moja aliniambia, bila majivuno hata kidogo, kwa huzuni: "Mie siku hizi naitikia tu. Wa kuwaamkia wamekwisha." Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa wa mwisho, na alikuwa na miaka tisa kaburini. Baada ya kiharusi hata kuitikia kukamshinda. Marahaba ikawa "maaba." Wake za majirani walipokuja kumjulia hali na kumwamkia, alikuwa akigeukia ukutani. Kuamkiwa na kushindwa kuitikia kulimuuma kuliko kubebwa kupelekwa msalani, na hilo alinitamkia mwenyewe.

Basi nikaenda Kinondoni kwa dalali. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, kiatu cheupe ambacho vumbi la uwanja ule lilikiogopa. Akanionyesha gari dogo jeupe, milango minne, namba za usajili za D, zile za karibuni. Akasema, "Sista, hii gari haijarudiwa rangi." Yeyote aliyewahi kununua au kuuza gari mjini kwetu anayajua maneno hayo. Maana yake gari bado limevaa rangi liliyozaliwa nayo, halijapigwa, halijagusa mtu wala ukuta. Akaongeza kwamba lilikuwa la mwalimu, mama wa kanisani, kazini na nyumbani basi, na ajali hata ya baiskeli hailijui.

Nilizunguka, nikapiga teke tairi kwa kuwa nimeona wanaume wanafanya hivyo. Nikafunuliwa boneti, nikatazama mle ndani kwa uso wa mtu asiyeridhika. Nikamkazia kwenye bei mpaka akaapa kwamba namtia hasara. Tukaandikishana kwa mwanasheria, nikaondoka nalo huku najiona malkia.

Nyumbani mama alitolewa nje kwenye kiti cha plastiki alitazame. Swali lake la kwanza halikuwa rangi wala bei. Aliuliza, "Lina damu?"

Kwao mama, watu wa Temeke ya zamani, chombo kilichomwaga damu ya mtu hakipandwi. Babu aliwahi kuitupa baiskeli nzima jalalani kwa sababu hiyo, akaenda kazini kwa miguu mwaka mzima. Nikamjibu kwamba halina, lilikuwa la mwalimu. Akaridhika, akataka kujaribu kuingia. Tukamwinua, tukamgeuza mgongo, naye akapapasa juu ya mlango kwa mkono wa kulia atafute pa kushika. Hapakuwa na kishikio. Nyuma vilikuwepo viwili, kule mbele kushoto hapana, ila vitobo viwili vilivyozibwa kwa kitu cheupe. Nilivitazama vile vitobo, nikavipita. Karani mzima.

Jirani akanielekeza kwa fundi wa bodi mmoja Chang'ombe, kwamba akikufungia kishikio unaweza kuning'iniza ng'ombe. Nilimkuta chini ya paa la mabati, ubavuni mwa kiwanda, mzee mfupi wa kutoka bara, anayetamka kila neno kama analipima. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza shida yangu. Yeye alikuwa analitazama gari.

Akafungua mlango wa kushoto, akaufunga, akasikiliza. Akaufungua tena. Akaingiza kidole chini ya raba ya mlango, akakitembeza kutoka juu mpaka chini. Kisha akalipiga boneti makofi mawili ya polepole, akasema, "Umerudi."

"Nani amerudi?" nikamuuliza.

"Huyu. Si umemleta kwa kuwa unajua?"

"Najua nini, mzee wangu?"

Akanitazama usoni, akaelewa kwamba sijui lolote. Akanivutia kigoda. Nikakataa kukaa.

Alifunua zulia upande wa kushoto, pale abiria anapoweka miguu. Chini yake palikuwa na grisi nene. Akaifuta kwa tambara, pakatokea kipande cha chuma kitupu, kisicho na rangi, ukubwa wa kiganja. Juu yake zilikuwepo alama za nyundo, ndogondogo, zimepangana bila kupandana, kama mtu aliyebonyeza donge la unga kwa ncha za vidole asiruke mahali.

"Hapa nimepaacha kwa makusudi," akasema. "Kila gari lililolala kwa ajali ambalo nalinyanyua, naacha kiganja kimoja bila rangi. Fundi mwenzangu akifunua, ajue kwamba limelala, na ajue nani amelinyanyua. Wauzaji watasema wanavyotaka. Mimi chuma sikifundishi uongo."

Akanieleza mengine akiwa amechuchumaa. Lori la mchanga lilikuwa limeligonga mbele kushoto. Watu wa bima walikuja, wakapima, wakaandika kwamba halitengenezeki, wakamlipa mwenye gari, gari likawa lao. Halafu wao huliuza hivyohivyo lilivyo, kwenye mnada. "Wanaliita mabaki," akasema. Kwangu mie mabaki ni wali wa jana, ule unaopashwa moto asubuhi ukanywewa chai. Mtu mmoja akayanunua hayo mabaki, akamletea yeye, naye akakaa nayo miezi mitatu.

"Huku mbele palikuwa hivi," akasema, akakunja ngumi akanionyesha. "Na hii sakafu ilikuwa imekuja mpaka kwenye kiti."

"Kiti kipi?"

Akakigusa. Kilikuwa kiti cha mama.

Sikumsubiri amalize. Damu ilikuwa imenipanda kichwani, nikaliwasha gari, nikaenda nalo moja kwa moja Kinondoni. Yule dalali alinipokea kwa tabasamu lilelile. Nikamwambia, "Ulisema halijarudiwa rangi."

"Ndiyo, sista. Kurudia rangi ni kupaka juu ya ile ya zamani. Hii ya zamani ilikwanguliwa yote, ikapigwa mpya. Sasa hapo nimerudia wapi?"

Nikamwambia alichukue gari lake, anirudishie pesa zangu. Miaka ishirini na mbili ya ukarani, sikuwa nimesikia uongo ulionyooshwa vizuri kiasi kile. Gari hakulipokea. Alisema maandishi ya mauziano yameshafanyika na sahihi ni yangu, na kweli ilikuwa yangu. Nikaenda kuliegesha pembeni ya barabara, nikafunga vioo vyote, nikalitukana. Nililitukana gari, matusi ya Temeke, kuanzia taa mpaka bomba la moshi, na machozi yananitoka. Kesho yake ilikuwa siku ya mazoezi. Mama alikosa tena.

Nilirudi Chang'ombe kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Mzee alikuwa ananywa chai. Nilikuwa na swali moja tu, nikamuuliza nikiwa bado nimesimama mlangoni: humu ndani kuna mtu alikufa?

Aliweka kikombe chini. "Hata mimi nilidhani hivyo," akasema. "Siku lilipoletwa, kile kiti cha kushoto kilikuwa chekundu chote. Zulia jekundu. Mpaka kitambaa cha paa. Mimi magari yenye damu nayakataa, hata unipe nini. Nikawaambia wenyewe waliondoe. Wakaenda kutafuta gari la kulivuta, na siku ya pili, kabla hawajarudi, akaja mwanamke."

Alikuja peke yake, mzee akasema, mjamzito, tumbo limeshashuka. Alikuwa na kovu moja tu kwenye kiwiko. Ndiye aliyekuwa akiendesha. Alitaka viatu vyake, vilikuwa vimebaki chini ya kiti. Mzee akampa pole, kisha kwa kuogopa akamuuliza ni nani aliyekuwa amekaa kushoto.

"Akanitazama kama hanielewi," mzee akasema. "Halafu akaniambia, nyanya. Tenga zima la nyanya. Alikuwa ametoka sokoni Tandale."

Mzee akapitisha kidole kwenye kile kiti, akanusa. Nyanya zilizooza zikakaukia hapo. Mzee wa watu alikuwa amekesha siku mbili akiomboleza nyanya. Akacheka aliponieleza.

"Basi yule mwanamke akazunguka, akautazama upande ule uliokunjika. Akaingiza mkono dirishani kwa dereva, akanionyesha. Hapa ndipo chuma kilipoishia. Hapa ndipo tumbo lake lilipokuwa. Katikati pana shubiri moja." Akaitanua shubiri yake hewani, kidole gumba na kidole cha mwisho, vyeusi kwa grisi, akaiacha hapo niitazame. "Chuma chote kile kimekuja kinajikunja, kinajikunja, kikafika pale kikasimama. Halafu akaja huku mbele, akaweka mkono juu ya boneti, akainama kidogo, akaliamkia. Akaliambia shikamoo. Mimi nimesimama na nyundo yangu mkononi namtazama. Mtu na akili zake, analiamkia gari."

Nikamuuliza yeye alifanya nini.

"Wale jamaa waliporudi na gari la kuvutia, nikawaambia waliache. Nitalinyanyua."

Nywele zilinisimama. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hivyo. Nililigeukia lile gari jeupe, dogo, taa zake mbili zinanitazama bila kinyongo, na nikakumbuka kila tusi nililolimwagia. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Maisha yangu yote nimesikia watu wanasema magari ya siku hizi ni mabati ya biskuti, ukiliegemea limebonyea. Nikamwambia mzee hivyo. Akasema mbele pake pametengenezwa pakunjike, ndiyo kazi yake. "Lisingebonyea lenyewe," akasema, "angebonyea yeye."

Kisha akanikatisha, nisije nikalisifu kupita kiasi. Akaniambia niingie niwashe, nitazame ile taa ya mifuko ya hewa, ile mifuko inayofumuka ajali ikitokea. Inatakiwa iwake kidogo halafu izime. Nikazungusha ufunguo. Haikuwaka kabisa. Mifuko ilikuwa imefumuka siku ile ya lori, akasema, na waliofunga dashibodi waliziba tu kwa kifuniko na kuikata ile taa isiseme. Yeye alikuwa fundi wa bodi, aliwaambia wanunue mingine, hawakununua.

"Huyu alishatoa alichokuwa nacho," akasema. "Mpaka arudishiwe, usimkalishe mgonjwa pale."

"Akirudishiwa ataweza tena?"

"Sikuapii. Atakaribia alivyokuwa. Wewe nenda taratibu."

Nilimwachia siku nne. Nilikuwa nikitoka shuleni napitiliza Chang'ombe, nakaa kwenye kile kigoda nilichokikataa. Alimleta mwenzake wa umeme wakafunga mifuko na mikanda mipya, na ile taa ikawaka, ikazima, kama inavyotakiwa. Yeye mwenyewe alirudi kwenye chuma. Sikujua kwamba fundi wa bodi anafumba macho. Alikuwa akipitisha kiganja kwenye ubavu wa gari polepole, macho amefumba, kisha kidole kinasimama mahali ambapo mie nikipashika sihisi chochote. Anagonga mara mbili kwa ndani, anapapasa tena. Nilikuwa namtazama hata simu inaita sipokei. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kilichokunjwa kama karatasi kinaweza kurudishwa sawa na mkono wa mtu mmoja, alama baada ya alama, halafu watu wakapita barabarani wasijue. Kile kiganja kisicho na rangi alikipaka grisi mpya, akakifunika zulia.

Mwisho akafunga kishikio cha chuma, kimezungushiwa raba, pale penye vile vitobo.

Siku ya tano ilikuwa siku ya mazoezi. Nikalileta mpaka mlangoni, na njiani nilikuwa nimeshapanga uongo. Haukuwa uongo mkubwa. Ningesema tu nilikuwa nafunga kishikio, halina damu, twende. Yote kweli. Mama alikuwa amevalishwa, yuko kwenye kiti chake cha plastiki, kanga imefungwa vizuri, na uso wa mtu aliyekubali kwenda kuteswa. Akaniuliza tena, "Lina damu?"

Nikamtazama, nikamkumbuka yule dalali na rangi yake isiyorudiwa. Nikaona nikifanya hivi ninavyotaka, mie na yule bwana ni ndugu. Nikachuchumaa mbele ya mama, nikamwambia kila kitu. Lori, bima, mabaki, kiti kile kile atakachokalia kilichokuwa kimekunjwa. Nilikuwa naogopa kila neno, kwa sababu mama akikataa kitu amekataa, na wiki zilikuwa zinakwenda.

"Lina damu, halina?" akasisitiza.

"Halina, mama. Lina nyanya."

Nusu ya uso wake ikacheka, ile ya kulia, na mabega yakamtikisika. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu augue. Nikamwachia acheke, ndipo nikammalizia la yule mwanamke na tumbo lake, ile shubiri, na namna alivyoinama akaliamkia.

Mama akaninyooshea mkono wa kulia nimwinue. Nikamwelekeza mlangoni, akakataa. Alitaka apelekwe mbele. Tukaenda, hatua za kuburuta, mguu wa kushoto unachora mstari mchangani, mpaka kwenye boneti. Akaweka kiganja juu yake. Lilikuwa bado lina moto wa safari.

"Ikamoo," akasema.

Akatikisa kichwa, hakuridhika. Akajifuta mdomo kwa pembe ya kanga. Akavuta pumzi, akakaza ule upande wa mdomo uliolala mpaka shingo ikamsimama mishipa, na nikahofia ataanguka.

"Shi-kamoo."

Ilitoka nzima, na shi yake. Neno ambalo hakuwa na wa kumwambia kwa miaka tisa. Mie nilikuwa nimemshika kwapani, nalia, simfichi mtu. Yeye hakulia. Alisubiri, mkono juu ya boneti, kisha akanigeukia kwa yale macho yake ya zamani ya kunigombeza, kwamba mtu mzima ameamkia na hajaitikiwa, na mie nimesimama tu.

Nikamsogeza upande wa dereva, nikamshikisha kioo cha pembeni kwa mkono wake mzima. Nikapitisha mkono dirishani, nikabonyeza honi, mara moja, fupi.

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akazunguka nami mpaka mlango wa kushoto, akainua mkono wa kulia, akashika kishikio.